Tippu Tip: Jina Lililotoka Vinywani mwa Waliopigwa

Majina mengi ya ukoo ya Italia yalianza kama lakabu. Rossi ni mwekundu, mara nyingi wa nywele. Ferrari linatokana na uhunzi. Majirani walimwita mtu kwa walichokiona kwake, na wajukuu wakarithi. Huku kwetu, kuanzia Kabambare hadi Lusangi na Kasongo, lakabu moja imelifunika kabisa jina la ukoo. Hamed bin Muhammed, aliyefia Unguja Juni 1905, alikuwa el-Murjebi, ukoo wenye asili ya Oman. Lakini mtaje Murjebi barazani uone wangapi watakuelewa. Sema Tippu Tip, hata mtoto atageuka.

Habari za misafara yake ya biashara ya pembe na watumwa zinajulikana, sizirudii. Ninachokipinga ni maelezo yanayonakiliwa kitabu hadi kitabu, kwamba aliitwa hivyo kwa sababu ya kupepesa macho. Wengine wameandika kuwa maana yake ni mkusanya mali. Hilo la mwisho ni sifa tu, halina mzizi wowote.

Mwenyewe alikwisha kutueleza. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Ajabu ni jinsi maandishi hayo yanavyosomwa kwa haraka. Humo anaeleza vita vya nchi ya Itabwa vya mwaka 1867 dhidi ya Nsama, mtawala wake aliyeogopwa na wafanyabiashara wote wa njia ile. Watu wa Nsama walipigana kwa mishale; wageni walikuwa na bunduki. Waliokimbia ndio waliosimulia, kijiji hadi kijiji, kwamba bunduki za mtu yule zililia "tip tip". Jina likatangulia mbele ya msafara. Julai mwaka huohuo mvumbuzi David Livingstone alikutana naye, vita hivyo vikiwa bado vibichi.

Sikio la Kiswahili halishangai. Pikipiki tumeiita kwa mlio wake, tingatinga vilevile: sauti inarudiwa mara mbili, basi kitu kimepata jina. Tena kitabu hichohicho kinataja lakabu zake nyingine. Wazaramo walimwita Kingugwa, yaani chui, na kwingine aliitwa Mkangwanzara, mtu anayeogopa njaa wala si vita. Zote zinaeleza alivyowatendea watu. Kwa nini basi hii moja ieleze kope zake?

Sikatai kwamba alipepesa macho. Lakini tukiyakubali maelezo ya macho, tunageuza ushahidi wa watu wa Itabwa kuwa kichekesho cha sura. Hatuna daftari la wale waliokimbia usiku wakiwa na watoto migongoni. Tuna silabi hizi mbili, na walizitunga wao. Yeye alizipokea kama sifa, akazibeba hadi Kasongo na Nyangwe, na huko zikapokewa na watu ambao hawakuwahi kumwona Nsama.

Maniema, eneo la Kasongo na Nyangwe, nayo iliendelea kuwabatiza wakubwa wake kwa namna hiyohiyo. Tarehe 22 Aprili 1893 ofisa Mbelgiji Francis Dhanis aliiteka Kasongo kwa niaba ya dola ya Kongo ya Mfalme Leopold. Askari na wapagazi wake hawakuhangaika na jina la ukoo wake. Walimwita Fimbo Mingi.