Miaka Isiyo na Vita: Tiba ya Kulenga Suluhu na Historia ya Delta ya Tana

Muulize mtu yeyote wa pwani kuhusu delta ya mto Tana, atakutajia vita. Atakumbuka mwaka 2001, shughuli ya kupima ardhi kwa ajili ya hatimiliki ilipowagawanya wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma na Wardei, na zaidi ya watu mia moja wakauawa. Atakumbuka Riketa, Agosti 2012, ambako zaidi ya watu 50 waliuawa alfajiri moja, wengi wao wanawake na watoto. Atakumbuka Kilelengwani mwezi uliofuata, ambako waliokufa hawakupungua 38, askari polisi wakiwemo, kisha Kipao mnamo Desemba mwaka huohuo. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Grace Nzioka, na tume ikauliza swali ambalo kila tume huuliza: chanzo cha vita ni nini?

Swali hilo ni la haki na lazima liulizwe. Lakini ukiketi Wema, kijiji cha Wapokomo jirani na Hewani na Kulesa, si mbali na Garsen, utaona kuna nusu ya historia ambayo haijaulizwa na mtu. Kati ya mauaji ya 2001 na yale ya 2012 ilipita miaka kama kumi. Chokochoko zilikuwepo, lakini damu haikumwagika kwa kiwango hicho. Katika miaka hiyo kina mama wa Kiorma waliuza maziwa Garsen, na wanunuzi wakawa Wapokomo. Mpunga ukishavunwa, ng'ombe waliachiwa mabua. Kiangazi kikikaza, mifugo ilishushwa mtoni kupitia malka, zile njia za maji ambazo wazee wa pande mbili huzijua moja moja. Nani alipatana na nani, kwa maneno gani, na nani alimzuia kijana wake asichukue panga? Haya hayakuundiwa tume. Naamini hapo ndipo tiba ya kulenga suluhu, iliyozaliwa mbali kabisa na Tana, ina jambo la kutufundisha.

Kwa miaka mingi tiba ya akili ilikuwa kazi ya kutafuta kasoro. Kwetu Kenya kazi hiyo ilichanganyika na ukoloni. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910 kama nyumba ya wendawazimu, na J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza kuanzia mwaka 1938, akawa mtu wa kuieleza dunia akili ya Mwafrika. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu walionyang'anywa ardhi waliandikwa kama wagonjwa, na kilio chao kikaitwa dalili.

Mwaka huohuo wa 1954, huko Abeokuta, Nigeria, Thomas Adeoye Lambo alianza mpango wa kuwatibu wagonjwa wa akili wakiishi vijijini pamoja na jamaa zao, kwa kuamini kwamba jamii ni sehemu ya dawa. Na mwaka huohuo, Marekani, Milton Erickson, daktari aliyewahi kupooza kwa polio akiwa kijana wa miaka 17, aliandika makala kuhusu wagonjwa aliowaongoza, wakiwa katika usingizi wa tiba, wajione katika siku za usoni wakiwa wameshapona, kisha wamsimulie walifanyaje. Hawa watatu hawakuandikiana barua, lakini mwaka wao mmoja unaonyesha njia zilivyokuwa zinaachana.

Mawazo ya Erickson yalifika Palo Alto, California, kwa wataalamu kama John Weakland waliotaka tiba iwe fupi. Kutoka hapo yakamfikia Steve de Shazer. Mwaka 1978 yeye na mkewe, Insoo Kim Berg, mzaliwa wa Korea, walianzisha kituo chao cha tiba ya familia mjini Milwaukee. Hawakuanza na nadharia. Walikaa nyuma ya kioo wakitazama mazungumzo, wakiandika ni swali gani linalomsogeza mtu mbele. Siku moja ilifika familia yenye matatizo 27, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Timu ikawapa kazi moja tu: nendeni mkatazame yale ambayo mngependa yaendelee. Familia iliporudi ilikuwa na mengi mema ya kusimulia, na mambo yalikuwa yameanza kunyooka. Hapo ndipo de Shazer na wenzake walipong'amua kuwa unaweza kumsaidia mtu bila kulifumbua fumbo lote la tatizo lake. Hakuna tatizo linalotokea kila saa ya kila siku. Tafuta saa ambazo halikutokea, uliza mtu alifanya nini, kisha mwombe aongeze hapo.

Swali la pili mashuhuri lilitoka kwa mteja mwenyewe. Mama mmoja aliyechoka alimwambia Insoo kwamba hali yake inahitaji muujiza. Badala ya kumrudisha kwenye orodha ya shida, Insoo alimfuata hukohuko: je, muujiza huo ukitokea?

Tuuweke mfano hapa delta. Tuseme mama aliyekimbia mwaka 2012 ameketi na mhudumu wa afya. Anaambiwa: "Mama, leo usiku umelala, nyumba imetulia, muujiza ukashuka na mzigo uliokuleta hapa ukaondoka. Ulikuwa usingizini, hukujua. Asubuhi ukiamka, kitu gani cha kwanza kitakuonyesha?" Huenda akanyamaza muda mrefu. Kisha aseme: nitakwenda shambani bila kugeuka nyuma. Ndipo linakuja swali la ngazi: kutoka sufuri hadi kumi, leo uko wapi? Akijibu "tatu", mhudumu hamwulizi kwa nini si kumi. Humuuliza: mbona tatu na si sufuri? Na mama, pengine kwa mara ya kwanza, anaanza kuhesabu aliyoyafanya: nimerudi kulima nusu ya shamba, watoto wanasoma. Ukifika nne, jirani yako atajuaje? Ataniona nakwenda Garsen kuuza ndizi bila kusindikizwa. Sasa mama ana hatua moja mkononi, na ameitaja yeye mwenyewe.

Nasisitiza jambo hapa, kwa sababu nimeona linavyokosewa. Waswahili tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na wapo watakaoitumia tiba hii kama kifuniko cha kumwambia mfiwa asahau. Hiyo si tiba. Aliyezika hapewi swali la muujiza siku ya kwanza. Husikilizwa, na akishasikilizwa huulizwa: pamoja na yote hayo, umemudu vipi hadi leo? Swali hilo linayakiri maafa na linamheshimu aliyeokoka. Tena kuna majeraha ambayo maneno ya faragha hayayatoshi. Ngadzi, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini na iko London hadi leo. Dawa yake ni kurudishwa. Vivyo hivyo malka iliyozibwa hufunguliwa kwa makubaliano, na muuaji hupelekwa mahakamani.

Ndani ya mpaka huo, tiba imejipatia heshima yake. Mwaka 2013 Wallace Gingerich na Lance Peterson walipitia tafiti 43 zilizoipima, na 32 kati yake zilionyesha faida ya wazi. Kenya ilizoea ushauri nasaha kwa njia ya machungu: bomu la 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, na vituo vya kupima virusi vya Ukimwi. Tangu hapo tumethibitisha pia kwamba si lazima mtoa huduma awe daktari. Katika jaribio la Nairobi lililochapishwa mwaka 2017, wahudumu wa kawaida wa jamii waliofunzwa mbinu za kukabili matatizo kwa vikao vitano waliwapunguzia dhiki wanawake waliopitia ukatili.

Tana River inao watu wa kuifanya kazi hii. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaingia kila nyumba. Mabaraza ya wazee, gasa ya Wapokomo na matadeda ya Waorma, bado yanaketi, na wazee hao wamekuwa wakiuliza "mara ya mwisho tulipatanaje?" kabla ya Milwaukee kuwa na kituo chochote. Ombi langu ni kwa serikali ya kaunti pale Hola, na kwa makanisa na misikiti ya delta: wafundisheni wahamasishaji maswali haya, na waketisheni wazee pamoja na vijana wa Wema, Riketa, Kilelengwani na Kipao waandike miaka ya amani kama tume zilivyoandika miaka ya vita, malka kwa malka, mapatano kwa mapatano. Wazee wanaoyakumbuka mapatano hayo wanapungua. Kazi ianze kabla ya kiangazi kijacho, ng'ombe hawajashuka mtoni.