Mpigo wa Moyo Uliomkera Mhandisi

Mbunge wa Matungu, Justus Murunga, alifariki Novemba 2020 baada ya kutatizika kupumua, korona ikiwa imechacha nchini Kenya. Mayoni, katika eneobunge hilo la Matungu, ambako mazungumzo ni miwa na bei yake, oksijeni ikaingia midomoni mwa watu, pamoja na kile kidude cha kupima oksijeni ya damu, kinachobana kidole kama kibanio cha nguo.

Kidude chenyewe si kipya. Mwaka 1974 mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, hata hakuwa akitafuta oksijeni. Alitaka kujua moyo unasukuma damu kiasi gani: anadunga rangi mshipani, kisha anamulika sikio na kuitazama rangi ikipita. Lakini kila moyo ulipodunda, mchoro wake uliharibika. Akajaribu kuufuta mpigo huo kwa kutumia mianga miwili, na hapo akagundua kwamba oksijeni ikishuka, mpigo unakataa kufutika. Kero ikageuka kipimo! Ngozi, nyama na mfupa vimetulia. Kinachodunda ni damu ya ateri, itokayo moyoni.

Kampuni ya Minolta ikakipeleka kipimo kwenye kidole mwaka 1977.

Ndani ya kibanio mna taa mbili, nyekundu na infraredi isiyoonekana kwa macho. Damu iliyoshiba oksijeni huiachia nyekundu ipite na kufyonza infraredi zaidi. Iliyopungukiwa hufanya kinyume. Kifaa hulinganisha mianga hiyo kwenye kila mpigo, kikatoa asilimia. Kwa kawaida mtu mzima mwenye afya husoma 95 kwenda juu. Chini ya 90 ni hatari. Vidole vya baridi hukikanganya, hali kadhalika rangi ya kucha na hina. Bibi arusi wa mji jirani wa Mumias, aliyepakwa hina, apimwe sikioni.

Ila rangi ya ngozi haipanguswi. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea 92 hadi 96. Damu ya ateri ilipopimwa, vilivyokuwa chini ya 88 vilikuwa asilimia 11.7 ya vipimo vya Weusi, na 3.6 tu kwa Wazungu. Aoyagi alikuwa ameaga dunia Aprili mwaka huohuo.

Muuguzi anayesoma 93 kwenye kidole cha mtoto wa Mayoni bado humfunua shati, akatazama kama kifua kinabonyea anapovuta pumzi.