Hundi Iliyorejeshwa Bila Malipo

Wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Unguja na Mombasa ndio waliotuachia neno hundi, nalo kwao lilikuwa jina la waraka ambao tajiri mmoja alimwandikia mwenziwe wa bandari ya mbali amlipe mwenye kuuchukua. Hata mabenki yalipoenea, chombo cha kutilia maana mpya kilikuwa tayari, ijapokuwa Wakenya wengi hupenda kusema cheki.

Linalotutatiza ni jina la hundi iliyokosa kulipwa. Wengine huiita hundi mbovu, na wengine husema imedunda, tamshi zuri la barazani. Walakini ubovu hutiwa katika karatasi, ilhali aghalabu karatasi ni nzima na sahihi ni ya mwenyewe, na kilichopungua ni fedha katika akaunti yake. Mimi naona bora tuseme hundi iliyorejeshwa bila malipo, kwani linalotukia hasa ni kurejeshwa.

Tuseme muuza mbao wa Nairobi amepokea kwa mteja wake hundi ya shilingi 80,000, akaiweka benki. Benki humwandikia fedha hizo katika hesabu yake, lakini kwa sharti kwamba benki ya mteja iridhie kulipa, nayo huulizwa kwa kupelekewa picha ya hundi, utaratibu ulioanza Kenya mwaka 2011. Ikikataa, yale yaliyoandikwa hufutwa, na mara nyingi muuza mbao hutozwa ada juu yake, asiyekuwa na taksiri yoyote! Hapo ndipo waungwana wengi hughadhibika, kwa kuwa waliona salio wakadhani ni mali yao, wakaanza kulitumia.

Sababu nazo si moja: huenda tarakimu hazikuafikiana na maneno, au sahihi imepotoka, au akaunti imefungwa, au miezi sita imekwisha kupita tangu tarehe iliyoandikwa. Fedha zikiwa hazitoshi, mabenki yenye desturi ya Kiingereza huandika maneno ambayo maana yake ni mrudie aliyeiandika. Adabu hiyo ina hadhari ndani yake, kwani benki ikimtangaza mtu kuwa hana kitu, na kumbe anacho, yaweza kushtakiwa kwa kumvunjia heshima.

Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 316A, humtia hatiani mwenye kutoa hundi hali akijua kwamba fedha hazitoshi, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ila kosa hilo la upungufu wa fedha haliihusu hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele. Ama deni la mbao, hilo halikufutwa kwa hundi kurejea: lasimama pale pale, na muuza mbao aweza kulidai mahakamani, hundi yenyewe ikiwa ithibati yake.