Boma la Chai Kandoni mwa Msitu

Ukisafiri kutoka mji wa Kericho kuelekea mashariki, ewe msomaji, utapita kwanza katikati ya mashamba makubwa ya chai, kisha mashamba madogo ya wenyeji. Mwisho utauona ukanda mwembamba wa chai, na nyuma yake miti mirefu iliyosongamana. Huo ndio msitu wa Mau. Usidhani ukanda ule ni shamba kama mengine. Ulipandwa uwe boma.

Chai ilianza kupandwa kwa wingi hapa katika miaka ya 1920, makampuni ya Kiingereza yalipolima ardhi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeitwaa kwa Wakipsigis. Mmea huu hutaka mvua mwaka mzima na hewa ya ubaridi, na msitu husaidia kuleta vyote viwili. Tena mito hutoka humo: Itare huteremka kwenda Sondu na Ziwa Victoria, Nyangores hupita Bomet, ikakutana na Amala, nayo ikawa Mara.

Baada ya Uhuru watu walizidi kuongezeka. Shamba la baba liligawanywa kwa wana, na mwana aliyepata kipande kidogo alitazama msituni. Humo mlikuwa na kuni, makaa, malisho, na udongo mweusi usiopata kuguswa na jembe. Je, ungemlaumu?

Mwaka 1986 Serikali ya Rais Moi ikaanzisha ukanda wa chai ulioitwa Nyayo. Kingo za msitu zilifyekwa, upana wa meta mia moja hivi, ikapandwa chai. Yashangaza kidogo kwamba ili kuuokoa msitu ilibidi kwanza kuukata! Walakini shauri lenyewe halikuwa baya. Mpaka ungeonekana kwa macho, na jirani aliyezoea kuingia na shoka angepata ujira wa kuchuma majani. Nionavyo mimi, aliyebuni jambo hili alifahamu kuwa mwenye njaa hazuiliwi kwa askari peke yao.

Lakini boma la chai huzuia shoka, halizuii kalamu. Mwezi wa Oktoba 2001 Serikali iliondoa katika hifadhi ya Mau hekta zipatazo 61,000, na karibu 23,000 kati ya hizo zilikuwa upande wa kusini-magharibi, yaani huku kwetu. Ilisemwa kuwa ardhi hiyo ni ya maskini wasio na makao. Kikosi kilichochunguza jambo hilo kilitoa taarifa mwaka 2009, kikaonyesha kuwa wakubwa wengi nao walijigawia, na kwamba msitu ulikuwa umepoteza kama robo yake. Mwisho wa mwaka huo watu walitolewa kwa maelfu, wakapiga kambi kandoni mwa msitu katika baridi na mvua.

Wala tusiwasahau Waogiek, waliotundika mizinga yao ya nyuki humo kabla ya mche wa kwanza wa chai. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliamua kuwa haki zao zimevunjwa, na kwamba kuhifadhi msitu si sababu ya kuwafukuza. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi yao. Hata hivyo, Novemba 2023, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena huko Sasimwani, upande wa Narok.