Mbio za Nyika Zilizaliwa Vyuoni: Historia Ambayo Eastlands Haijaichukua

Kwenye Barabara ya Jogoo, karibu na Kaloleni na Shauri Moyo, kuna uwanja ambao wazee wa mitaa hiyo wameujua kwa majina manne. Enzi za mkoloni uliitwa Donholm Road, jina la zamani la barabara yenyewe. Baadaye ukawa Jogoo Road, kisha City Stadium, na sasa unaitwa kwa jina la marehemu Joe Kadenge. Hilo la mwisho, la mwanakandanda, ndilo linaloieleza Eastlands, mashariki mwa Nairobi, vyema: huku mchezo ni kandanda, na baada ya kandanda ni ndondi. Mwulize kijana wa Jericho au Makadara habari za mbio za nyika, atakunyoshea kidole Bonde la Ufa.

Dhana kwamba mbio ni za milima na za damu fulani imewakatisha tamaa wanafunzi wengi wa mitaa hii kabla hawajafunga kamba za viatu. Historia haiiungi mkono. Nyandika Maiyoro, aliyefika nambari saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki za Melbourne mwaka 1956, alitoka Kisii. John Ngugi, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano, ni Mkikuyu. Michael Musyoki ni Mkamba. Walichokuwa nacho ni taasisi zilizowapa kitanda, chakula, saa za mazoezi na mtu wa kuzisimamia, na kwa sehemu kubwa taasisi hizo zilikuwa vyuo na kambi za majeshi.

Tuanzie London, Julai 1954. Lazaro Chepkwony aliingia katika mbio za maili sita kwenye uwanja wa White City akiwa miguu mitupu. Alichomoka kwa kasi, akapunguza, akachomoka tena, mzunguko baada ya mzunguko, na Waingereza waliozoea kugawa nguvu zao sawasawa wakavurugika. Aliumia, akatoka kabla ya kumaliza. Siku iliyofuata Maiyoro akakimbia maili tatu kwa mtindo huohuo. Alifungua mwanya mkubwa, wakamfikia, na bado akamaliza wa tatu nyuma ya Fred Green na Chris Chataway, ambao wote wawili walivunja rekodi ya dunia siku hiyo. Kwa mafundisho ya wakati ule, kubadilisha kasi namna hiyo ni kupoteza nguvu bure, ishara ya mkimbiaji ambaye hajafundishwa. Miaka 30 na zaidi baadaye, Ngugi alikuwa akiwavunja wapinzani wake kwa mbinu hiyohiyo katikati ya mbio, na makocha wa Ulaya wakaanza kuisoma.

Taasisi ya kwanza kupata jina kubwa ilikuwa chuo cha polisi cha Kiganjo, karibu na Nyeri, ambako Kipchoge Keino alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Kazi yake ilimpa mshahara na muda wa kukimbia. Mwaka 1965 alivunja rekodi za dunia za mita 3,000 na mita 5,000, na mwaka 1968 akatwaa dhahabu ya mita 1,500 huko Mexico. Mengine ya Keino yanajulikana, nami sitayarudia.

Kinachojulikana kidogo ni jinsi vyuo vikuu vya Marekani vilivyogeuza mawazo ya ufundishaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Stephen Machooka, naye kutoka Kisii, alikuwa akikimbia kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Cornell. Katika muongo uliofuata mlango ulifunguka kabisa. John Chaplin, kocha wa Washington State, aliwachukua John Ngeno, Samson Kimobwa na Henry Rono. Ted Banks wa El Paso, Texas, alikuwa na Wakenya kama Musyoki, na Watanzania Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga. El Paso walitwaa ubingwa wa vyuo wa mbio za nyika mwaka 1975, 1976, kisha mfululizo kuanzia 1978 hadi 1981. Rono aliushinda ule wa mtu binafsi mara tatu: 1976, 1977 na 1979.

Mwaka 1978, akiwa bado mwanafunzi, Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Lakini tuwe wakweli kuhusu mfumo uliomlea. Mwanafunzi anayelipiwa masomo kwa miguu yake hukimbia nyika msimu wa vuli, ukumbini wakati wa baridi, na uwanjani masika. Kocha anadaiwa pointi katika misimu yote mitatu, kwa hiyo mapumziko huwa haba. Rono aliyatoa yote katika mfumo huo. Olimpiki hakuikimbia, kwa kuwa Kenya ilisusia za 1976 na za 1980.

Hata hivyo mfumo huo una somo moja ambalo kila kocha wa chuo Nairobi angelishika. Katika mbio za nyika za vyuo vya Marekani hukimbia watu saba, na nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa. Timu yenye jumla ndogo hushinda. Ukiwa na nyota mmoja na wengine wanne wakamaliza wa 80, umeshindwa. Kocha mwerevu humwangalia mtu wake wa tano kuliko anavyomwangalia wa kwanza, na hupima siku hadi siku jinsi pengo kati ya wawili hao linavyopungua.

Fikra hiyo ya kikosi ilipata makao yake Kenya katika chuo cha walimu cha St Mark's, Kigari, juu ya mji wa Embu. Hapo ndipo Mike Kosgei, kocha wa timu ya taifa, aliwakusanya wakimbiaji wa nyika tangu katikati ya miaka ya 1980. Wanajeshi, askari jela, wafanyakazi na watoto wa shule walikaa kambi moja na kula ugali mmoja. Walikimbia mara tatu kwa siku: alfajiri mwendo wa kuamsha mwili, saa nne kazi ngumu ya kasi au mlima, na jioni mwendo wa kulegeza misuli. Chipukizi walifanya mazoezi machoni pa mabingwa. Aliyeachwa leo alijua kesho asubuhi atakuwa na mgongo uleule wa kuufuata.

Mwaka 1986, kule Neuchâtel, Uswisi, Kenya iliinyang'anya Ethiopia ubingwa wa dunia wa timu ya wanaume, na haikuuachia hadi baada ya 2003: mara 18 mfululizo. Kilele, kwa maoni yangu, kilikuwa Auckland 1988. Wakati huo nafasi sita zilihesabiwa, hivyo jumla ndogo kabisa inayowezekana ni 21. Kenya ilipata 23. Wakenya wanane walikuwa ndani ya tisa bora, na Ngugi mbele yao. Kwa wanawake mambo yalichelewa. Ni 1994, Budapest, Helen Chepng'eno alipokuwa Mkenya wa kwanza kushinda mbio za wanawake wakubwa.

Mtu atasema Kigari ilifaulu kwa sababu ya mwinuko. Mwinuko unasaidia, sikatai. Lakini mji wa Embu uko chini kuliko Nairobi, na Eastlands yote iko karibu mita 1,600 juu ya bahari. Mwanafunzi anayelala Umoja au Kayole anavuta hewa nyembamba bila kulipa nauli. Anachokosa ni vile vipindi vitatu vya mazoezi na usingizi kati yake.

Ushahidi uko mlangoni pake. Eastleigh, ndani ya ua wa Moi Air Base, yamewahi kufanyika mashindano ya mbio za nyika ya majeshi, yenye wakimbiaji ambao wangeweza kushinda mbio za taifa za nchi nyingi. Paul Tergat, bingwa wa dunia wa nyika mara tano mfululizo kuanzia 1995 hadi 1999, ni zao la jeshi la anga. Hakuanza na riadha. Shuleni alicheza mpira wa kikapu, na mbio alizishika alipokuwa tayari mwanajeshi. Viwanja vya kikapu na vya kandanda vimejaa kote Eastlands. Kocha wa chuo anayetafuta mtu wa tano angeanza na yule kiungo asiyechoka dakika ya 90.

Nje ya ua huo, ratiba ya mwanafunzi haina huruma. Anaamka gizani kuwahi matatu, darasa linaisha alasiri, na jioni Barabara ya Jogoo imefunga. Vichaka ambavyo wazazi wake walipita vimekuwa maghorofa. Kocha anayemwamuru akimbie mara tatu kwa siku kama Kigari atamvunja au atamfukuza. Nionavyo, njia ni kuchukua msingi wa kambi ile na kuuacha wingi wake: mazoezi magumu mawili kwa wiki, yote kwa kundi; dakika kuhesabiwa badala ya kilomita, kwa kuwa mtaani hakuna njia iliyopimwa; kasi na pole zikipokezana kama alivyofanya Chepkwony; na mwendo mrefu Jumapili alfajiri barabara zikiwa tupu. Wasichana wasiachwe wakimbie peke yao gizani hata siku moja. Kundi ndilo usalama wao, na ndilo pia linalomvuta wa tano amkaribie wa kwanza.

Mlango wa Marekani haujafungwa. Sally Kipyego alishinda ubingwa wa vyuo wa nyika akiwa Texas Tech mara tatu, 2006 hadi 2008. Edward Cheserek akafanya hivyo akiwa Oregon, 2013 hadi 2015, na mwaka 2024 Doris Lemngole akaushinda akiwa Alabama. Makocha wa vyuo hivyo huwatafuta wakimbiaji Iten na Eldoret kwa sababu huko kuna makundi ya kutazamwa kila asubuhi. Wakifika Nairobi hupita tu, kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, kwani Donholm na Buruburu hakuna kundi la chuo la kuwasimamisha hata kwa asubuhi moja.