Gitaa la Kulazwa na Miguu ya Meza ya Pasi

Gitaa la kulazwa mapajani lilianzia Hawaii. Karibu mwaka 1889, kijana Joseph Kekuku alianza kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Mwaka 1932 gitaa la namna hiyo, liitwalo Frying Pan, likaingia sokoni Marekani. Ni kati ya magitaa ya umeme ya kwanza kabisa.

Hapa Kigali, kikundi chetu cha vijana kinalo moja. Mapaja ya watoto ni membamba, kila saa linaanguka. Basi tukachukua miguu ya meza mbovu ya kupigia pasi, tukafunga ubao juu, tukabandika sponji lisiteleze. Mtoto mmoja akasema, “Kumbe kila kitu kizuri kinatoka ng’ambo. Vyetu tuliviacha Kongo.”

Mzee mmoja wa Bukavu akamwambia, “Mjukuu wangu, sisi Bashi tuna lulanga. Wanyarwanda wanaita inanga. Ni ubao uliochongwa kama sinia refu, uzi mmoja unaenda na kurudi. Unaketi, unaulaza mapajani, unapiga.”

Mtoto akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, “Unachongwa kwa mti gani?”

Jumamosi hii tunatafuta mti.