Tabaka: neno la kwanza kwa anayejifunza kuhariri picha

Mzee mmoja kutoka upande wa Katesh alileta studio picha ya marehemu mama yake: karatasi ya nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, pembe moja imekunjika na doa la maji limeshuka shavuni. Alitaka ikuzwe na kutiwa fremu. Akasema kama wasemavyo wateja wengi hapa Mbulu: “Nisafishie hii picha, mwanangu.” Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwangu akaiskani, akaisafisha. Mzee aliporudi kuichukua aliitazama kwa muda mrefu. “Huyu siye mama,” akasema.

Mama yule alikuwa Mbarbaig, na wanawake wengi wa Kibarbaig wa umri wake walichanjwa chale za mviringo kuzunguka macho. Kijana alidhani ni madoa ya karatasi. Aliyafuta moja baada ya jingine, akalainisha ngozi, kisha akahifadhi kazi juu ya faili lile lile alilolifungua. Doa la maji lilikuwa limeondoka, na mama naye ameondoka.

Sikumlaumu sana, kwa sababu alitii neno aliloambiwa. Kusafisha picha ni msemo wa enzi za filamu. Mkanda ulipelekwa kusafishwa, ukapitishwa kwenye dawa gizani mpaka sura zikajitokeza. Kusafisha kulikuwa kuitoa picha, si kuipunguzia kitu. Filamu zimekwenda, neno limebaki, na leo anayelisikia anawaza uchafu tu: kipo kitu kibaya usoni, kiondoe.

Vitabuni tunasema kuhariri, na hilo nalipenda zaidi. Limetoka kwenye magazeti na vitabu, na lina adabu yake. Mhariri wa kalamu nyekundu aliandika juu ya mswada, lakini maneno ya mwandishi yalibaki yakisomeka chini ya mstari aliouchora. Ukitaka kurudisha sentensi, ipo. Swali kwa anayeanza kuhariri picha ni hili: kalamu nyekundu ya picha iko wapi?

Iko kwenye tabaka. Programu ya Photoshop ilitoka mwaka 1990 bila kitu hicho. Matabaka yalikuja na toleo la 3.0, mwaka 1994. Tangu hapo programu nyingi kubwa za kuhariri picha zimejengwa juu ya wazo hilo, ikiwemo GIMP, ambayo ni ya bure na ndiyo ninayowafundishia vijana, maana wengi wanatumia kompyuta za mitumba.

Vijana mtaani wanasema leya. Wanaelewana, lakini anayelisikia mara ya kwanza halimwambii kitu. Kijana wa Mbulu aliyelelewa kwa Kiiraqw na kusomeshwa kwa Kiswahili anakutana na lugha ya tatu kwenye skrini. Kumpa leya ni kumwongezea tu sauti ya kukariri. Wengine wamependekeza safu. Mimi nalikataa. Safu ni vitu vilivyopangana, kama safu ya milima au safu ya viti kanisani, wala kimoja hakifuniki kingine. Tunachokitafuta ni vitu vilivyolaliana. Tabaka, neno lenye asili ya Kiarabu, ndilo lenye sura hiyo, na mwanafunzi analijua tayari kutoka tabaka la ozoni. Aliyewahi kuchimba msingi wa nyumba Dongobesh ameyaona kwa macho: udongo wa juu, chini yake udongo wa rangi nyingine, kisha mwamba. Kwamba neno hili pia linataja wenye nacho na wasio nacho, sioni dhara. Meza ina mguu na mtu ana mguu, na hakuna anayechanganyikiwa.

Tofauti moja lazima isemwe, kwani udongo hauonyeshi kilicho chini yake. Ndiyo maana naanza na albamu ya zamani, ile yenye karatasi ya nailoni juu ya kila ukurasa. Namwambia mwanafunzi achukue kalamu ya wino mzito, amchoree mtu miwani juu ya nailoni. Ukiitazama kutoka juu, mtu amevaa miwani. Ukiifunua nailoni, uso uko vile vile. Hiyo nailoni ndiyo tabaka jipya: lipo, linapokea wino, na pasipo na wino linapitisha macho. Tukishaelewana hapo, maneno mengine yanakuja yenyewe: kuongeza tabaka, kulificha, kulipandisha juu ya jingine, kuyaunganisha.

Picha ya mzee niliiskani upya, maana karatasi ilikuwa salama. Tabaka la chini sikuligusa. Juu yake nikaongeza tabaka tupu, nikachukua brashi ya kuponya, ile inayoziba dosari kwa kusoma sehemu isiyo na dosari, nikaweka tiki kwenye sehemu inayoiambia isome matabaka yote, la sivyo ingesoma utupu na isiponye kitu. Nikapita juu ya doa polepole, kipande kwa kipande, na kwenye mkunjo wa pembeni. Nilipokaribia macho nikasimama. Kazi nikaihifadhi kwa muundo wa XCF, ambao hutunza matabaka, na nakala ya kuchapisha nikaitoa kwa JPEG, ambayo huyabana yote kuwa moja. GIMP yenyewe, tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, imetenganisha amri hizi mbili: kuhifadhi ni XCF, na JPEG hutolewa kwa amri nyingine. Anayeanza huona ni usumbufu. Laiti kijana wangu angeukubali usumbufu huo siku ile.

Mzee alikuja Jumamosi, siku ya mnada. Nikamvutia kiti mbele ya skrini kabla ya kuchapisha. Akauliza doa limekwenda wapi. Nikabonyeza alama ya jicho kando ya tabaka la juu: doa likarudi shavuni. Nikabonyeza tena, likaondoka. Akasogea karibu, akaweka kidole kwenye kioo, akazifuata zile chale kuzunguka jicho la kushoto, kisha la kulia.

“Chapa,” akasema.